Ramani ya Majani na Miti: Namna Uoto wa Asili Unavyopimwa, kutoka Wembley hadi Pwani Yetu

Kupima uoto ni kuandika mimea gani imeota, wapi, kwa wingi gani, na lini. Mambo hayo manne, yaani mmea, mahali, wingi na tarehe, ndiyo kazi yote. Aliyekuwa karani kama mimi huielewa mara moja, maana ni kazi ya daftari: ukiacha safu moja tupu, nyingine tatu zinapungua thamani. Nimeishi Wembley, kaskazini-magharibi ya London, sehemu kubwa ya umri wangu, na tangu kustaafu nafuatana na watu wa kujitolea wanaohesabu mimea katika Fryent Country Park. Jamaa zangu wa Maskati na Dubai huniuliza mzee wa miaka sabini na kitu anatafuta nini majanini. Nimeandika makala haya kuwajibu wao, na pia kwa yeyote aliye Ghuba au Unguja anayetaka kujua kazi hii inafanywaje na inafaa nini.

Mahali penyewe

Ukitoka stesheni ya Wembley Park, ukaupa mgongo uwanja wa mpira na kupanda kilima kiitwacho Barn Hill, kwa mwendo wangu ni nusu saa. Juu pana bwawa, na kutoka hapo tao la uwanja laonekana lote. Upande wa pili kilima kinateremka kwenye makonde ya majani yaliyogawanywa na nyua za miti hai, mpaka karibu na Kingsbury. Eneo zima ni kiasi cha hekta 100, na limezungukwa na nyumba pande zote.

Miti ya kileleni ina historia yake. Mwaka 1793 mpangaji wa bustani Humphry Repton alikuwa akipamba ardhi ya tajiri mmoja wa hapa, Richard Page, na kupanda miti juu ya Barn Hill kulikuwa sehemu ya mpango huo. Lakini kwa kazi yetu makonde ya chini yana thamani zaidi kuliko kilele. Udongo wake ni ule mfinyanzi mzito wa London, unaogandama kiatuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa joto. Wakulima hawakuupenda kwa nafaka. Waliuacha uote majani, wakayakata na kuyakausha kila mwaka kulisha farasi wa London, ambao wakati huo walivuta kila kitu, mabasi na magari ya mizigo. Farasi walipokwisha na nyumba zilipoanza kusogea, halmashauri za hapa zilinunua ardhi kati ya vita vikuu viwili ili isijengwe. Ndiyo sababu makonde yapo mpaka leo.

Ramani ya 1597

Sehemu kubwa ya ardhi ya Kingsbury ilikuwa mali ya All Souls College, chuo cha Oxford. Mkuu wa chuo hicho, Robert Hovenden, aliagiza mali za chuo zichorwe, na ramani ya Kingsbury aliyoichora mpima ardhi Thomas Langdon ina tarehe ya 1597. Kwa kulinganisha na kwetu, Wareno walikuwa ndio kwanza wamemaliza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, na ilibaki miaka mia na moja kabla Waomani hawajaitwaa.

Langdon hakuchora kwa ajili ya mimea. Alichora ili chuo kijue nani anakaa wapi na alipe kodi kiasi gani. Lakini karani mwangalifu huhifadhi zaidi ya alichotumwa. Alionyesha kila konde, jina lake na mpaka wake. Ukiweka ramani yake kando ya ramani ya leo unaona nyua nyingi za Fryent zimesimama kwenye mstari uleule wa 1597. Kwa hiyo ua unaoupita ukienda dukani una zaidi ya miaka 400, na baadhi ya mimea iliyomo ni uzao wa msitu uliokuwapo kabla ya makonde.

Kuna njia ya kukisia umri wa ua usio na ramani. Mtaalamu wa Kiingereza Max Hooper alikusanya habari za nyua 227 ambazo tarehe zake zilijulikana kwa hati, akaona kwamba idadi ya aina za miti na vichaka katika urefu wa yadi 30 yakaribiana na idadi ya karne. Aina moja, karne moja. Aina tano, karne tano. Ni kanuni ya kukisia tu. Ua uliopandwa kwa mchanganyiko tangu siku ya kwanza utakudanganya, na katika baadhi ya sehemu za Uingereza kanuni haifai hata kidogo. Hata hivyo mtoto anaweza kuitumia. Unapima hatua thelathini, unaangalia mti wa mwiba wenye maua meupe mwezi wa Mei, ambao jina lake la kitaalamu ni Crataegus monogyna. Unaangalia mwaloni, mti tuliousoma skuli ya misheni katika habari za Ibrahimu. Unaendelea hivyo na kutia alama. Ukikuta Sorbus torminalis, mti ambao mara nyingi huota penye mabaki ya misitu ya kale, simama uandike kwa herufi kubwa.

Nani mwenyeji, nani mgeni

Neno «asili» lina magogoro. Waingereza wameugawa uoto wao kwa mwaka wa 1500. Mmea uliofika wenyewe bila mkono wa mtu ni mwenyeji. Ulioletwa na watu kabla ya 1500 ni mgeni wa zamani, na ulioletwa baada ya hapo ni mgeni mpya. Kwa kanuni hiyo mimi mwenyewe ni mgeni mpya wa Wembley, na jirani zangu wa Kigujarati vilevile, nasi hatujaharibu kitu.

Ukiichukua kanuni hiyo ukaenda nayo Unguja, utashangaza watu barazani. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, na ulifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Mwembe na mfenesi vimetoka Bara Hindi. Mwarobaini nao umetoka upande huohuo. Mashamba tunayoyalilia tukiwa ugenini karibu yote ni ya wageni. Wenyeji ni wale tusiowaimba sana: mbuyu, mkwaju, msandarusi, mtondoo wa Jozani, mikoko ya kila hori, na mpapindi wa Ngezi kule Pemba.

Simwambii mtu ang'oe mwembe wake. Mpima uoto hatoi hukumu, anaandika tu. Lakini asipotenganisha mwenyeji na mgeni katika daftari, ramani itaonyesha kijani kila mahali na haitamwambia mtu chochote. Shamba la mikarafuu na msitu wa Ngezi ukivitazama kutoka angani vyote ni kijani.

Kazi inavyofanywa

Hatua ya kwanza hufanyika mezani. Unachukua ramani ya mahali, yenye kuonyesha kila konde, na picha za ndege au za setilaiti kama zipo. Hapa Uingereza ziko picha nyingi zilizopigwa na jeshi la anga baada tu ya Vita Kuu ya Pili, nazo ni hazina, maana zinaonyesha palikuwa nini kabla ya nyumba. Siku hizi setilaiti za Sentinel-2, za tangu 2015, hutoa picha za bure ambazo kila nukta yake ni mita 10 za ardhi. Picha husaidia kugawa eneo vipande: hapa miti, hapa vichaka, hapa majani, hapa maji. Kila kipande hupewa namba.

Kisha unatembea. Hakuna njia ya mkato. Mwaka 1990 idara ya serikali ya hifadhi ya asili ilichapisha mwongozo ambao wapimaji wa Uingereza waliutumia kwa miaka mingi: kila aina ya makazi ina rangi yake na alama yake, na penye jambo la pekee unaweka namba na kuandika maelezo pembeni. Maelezo hayo ya pembeni ndiyo ninayoyapenda mimi. Rangi itasema «majani», lakini maelezo yatasema «kona ya mashariki, penye unyevu, okidi zimeota chini ya ua». Mfumo mpya ulianza 2018 na una orodha tofauti, lakini miguu ni ileile.

Ukitaka kwenda ndani zaidi unatumia fremu ya mraba. Wazo la kuhesabu mimea ndani ya mraba wenye kipimo maalumu lilipata nguvu Nebraska, Marekani, mwaka 1898, kwa kazi ya Roscoe Pound na Frederic Clements. Pound baadaye aliiacha mimea akawa mwanasheria mashuhuri, jambo ambalo halinishangazi, kwa kuwa kazi zote mbili ni za kutafuta ushahidi. Kwa majani mafupi fremu huwa mita 2 kwa mita 2. Unaiweka mahali panapofanana na konde kwa jumla, si penye ua zuri lililokuvutia. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotoka: macho yanakwenda penye rangi. Unaandika kila aina iliyomo, na kukadiria kila moja imefunika sehemu gani ya ardhi. Unarudia mara tano katika konde moja.

Kwa wasio na fremu kuna kipimo cha maneno matano, nacho ndicho tunachotumia sana sisi wa kujitolea. Mmea ama umetawala, ama ni tele, ama unakutana nao mara nyingi, ama upo hapa na pale, ama ni adimu. Watu wawili wakipita konde moja hawatakubaliana kila neno, lakini mmoja akisema «umetawala» na mwingine akisema «adimu», mmoja wao hakutembea.

Ukishapata fremu tano unalinganisha na kazi kubwa iliyosimamiwa na John Rodwell, iliyotoka kwa juzuu tano kati ya 1991 na 2000, ambamo uoto wa Uingereza umegawanywa katika jamii 286. Mmea uliotokea katika zaidi ya fremu tatu kwa kila tano ndio nguzo ya jamii hiyo. Makonde ya kale ya majani ya bonde, yale yaliyokatwa kila mwaka bila kuwekwa mbolea, yana jamii yao, na ndiyo tunayoitafuta.

Wakati wa mwaka nao ni sehemu ya kipimo. Konde la majani hupimwa vizuri mwezi wa Juni, kabla ya kukatwa, mimea ikiwa imechanua na kutambulika. Misitu hupimwa mapema zaidi, Aprili na Mei, kabla majani ya juu hayajafunga mwanga. Ukipima konde mwezi wa Januari utaona uwanja wa mpira tu.

Kwa nini ina maana

Mwaka 1987 mtafiti R. M. Fuller alichapisha hesabu iliyowaamsha wengi: kati ya 1932 na 1984, Uingereza na Wales zilikuwa zimepoteza asilimia 97 ya makonde ya majani ya asili ya nchi tambarare. Hesabu kama hiyo haiwezekani bila mtu kuandika mwanzoni. Na waandishi wa mwanzoni walikuwa wengi wao watoto. Miaka ya mwanzo ya 1930 mwanajiografia Dudley Stamp aliwatuma walimu na wanafunzi wa skuli, nchi nzima, wakatembea na ramani na kuandika kila konde linatumika kwa nini. Walikuwa wanafunzi wenye penseli za rangi, na leo wataalamu huzifungua karatasi zao kama hati za mahakama.

Neno mahakama silitumii kwa mapambo. Tangu Februari 2024, sheria ya Uingereza inawataka wajenzi wengi waonyeshe kwamba baada ya ujenzi hali ya mimea na wanyama itakuwa bora kwa asilimia 10 kuliko kabla. Kuliko kabla: hapo ndipo fumbo lilipo. Nani alipima «kabla»? Konde likiandikwa kuwa ni majani ya kawaida yaliyoboreshwa kwa mbolea linapewa daraja la chini, na ni rahisi kulifidia kwa kupanda vijiti mahali pengine. Likiandikwa kuwa ni konde la kale la bonde linapata daraja la juu kabisa, na mjenzi atafikiri mara mbili. Tofauti ya madaraja hayo mawili huenda ikawa ni mtu mmoja aliyepita mwezi wa Juni badala ya Januari, na daftari la miaka ishirini la kumuunga mkono au kumkanusha. Wembley inajengwa minara kila mwaka. Sipingi watu kupata nyumba, kwani watoto wetu wenyewe wanazitafuta, lakini napenda mizani iwe ya haki.

Mfano mzuri wa karibu ni bwawa la Brent, ambalo wenyeji huliita Welsh Harp, mwendo mfupi mashariki ya Wembley. Lilitengenezwa katika karne ya 19 kulisha mifereji ya maji ya mashua, kwa hiyo halikuumbwa na asili. Lakini mwaka 1950 lilitangazwa eneo lenye umuhimu wa pekee wa kisayansi, kwa ajili ya ndege wake na pia kwa mimea ya ukingoni mwa maji. Maji yametengenezwa na mtu, matete yamekuja yenyewe, na hati ya 1950 ndiyo inayoyatetea mpaka leo.

Na daftari huonyesha maradhi. Miti ya Ulmus ilikuwa fahari ya nyua za huku. Ugonjwa ulioenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 uliua zaidi ya milioni 25 nchini. Mwaka 2012 ukathibitishwa ugonjwa mwingine, wa miti ya Fraxinus. Ua uliohesabiwa aina saba zamani ukahesabiwa tano leo, tunajua ni zipi zilizotoka na lini.

Kwetu pwani

Ukitoka Wembley kwenda kusini kuna Kew, na ndani ya makabati ya Kew mna vielelezo vya mimea mikavu kiasi cha milioni 7. Hapo ndipo ilipoandikwa kazi kubwa ya mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki, iliyoanza kutoka mwaka 1952 na kumalizika 2012. Miaka sitini. Ina zaidi ya aina 12,000 za Kenya, Uganda na Tanzania, na Zanzibar imo na ina alama zake.

Ramani nazo zipo. Clement Gillman alifika mwaka 1905 kama mhandisi wa reli ya Wajerumani, akakaa mpaka enzi za Waingereza, na katika safari za kutafuta njia ya reli na maji alikuwa akiandika uoto kila alikopita. Ramani yake ya uoto wa Tanganyika ilichapishwa mwaka 1949, yeye akiwa ameshafariki. Mwaka 1983 UNESCO ikatoa ramani ya uoto wa Afrika nzima ya Frank White, ambayo humo ukanda wetu wa pwani, kutoka kusini ya Somalia mpaka kinywa cha mto Limpopo, umepewa jina la Zanzibar-Inhambane. Mswahili anayetaka kujua nchi yake ya asili inaishia wapi kwa macho ya mimea, jibu ni hilo.

Kuna ushahidi hata pasipo na ramani. Sandarusi iliyokuwa ikiuzwa Zanzibar katika karne ya 19 ilichimbwa ardhini, utomvu wa kale wa msandarusi uliogeuka jiwe. Dokta John Kirk, balozi wa Kiingereza Zanzibar na mtaalamu wa mimea, aliona kwamba mara nyingi ilichimbwa mahali ambapo hapana msandarusi hata mmoja. Penye sandarusi palikuwa na msitu. Wachimbaji walikuwa wakipima uoto wa zamani bila kujua.

Na Kenya kuna kaya za Mijikenda, misitu ya ibada iliyotapakaa kiasi cha kilomita 200 za pwani. Upimaji wa mimea yake uliofanywa na Anne Robertson na Quentin Luke mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba vipande hivyo vidogo vina mimea adimu isiyolingana na udogo wake. Mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya katika urithi wa dunia. Wazee wa kaya walizilinda kwa miiko kwa karne nyingi. Orodha ya mimea ikawapa hoja ya pili, ile inayosomeka afisini.

Huko mliko

Msidhani Ghuba ni mchanga tu. Nendeni Qurm, pale Maskati, mkautazame mti uliompa mtaa jina. Ni Avicennia marina, mkoko pekee unaoota Oman kiasili. Sisi tunauita mchu. Unguja na Rufiji mchu una ndugu wengi: mkoko wenyewe, mkandaa, muia, mliana, mkomafi, msikundazi. Boriti za mikoko ya kwetu zilipakiwa majahazini zikaja kuezekea nyumba za Oman na Ghuba nzima, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Babu zenu walilala chini ya mkoko wa Rufiji na mchu wa Qurm upo nje.

Jambo la pili ni mghafu, au ghaf kama wasemavyo Waarabu, Prosopis cineraria, ambao Falme za Kiarabu ziliufanya mti wa taifa mwaka 2008. Una binamu mgeni kutoka Amerika, Prosopis juliflora, ambao umeenea mabondeni na kunywa maji ya wengine. Kenya watu wa Baringo wanaujua kwa jina la mathenge, na hawautaji kwa upole. Wapita njia huuchanganya na mghafu. Angalia miiba: ya mgeni hutoka miwili miwili pale jani linapoanzia, ya mwenyeji imetawanyika kwenye kijiti kati ya jani na jani. Angalia na maganda: ya mgeni ni manene yenye rangi ya manjano, ya mwenyeji ni membamba. Mtoto wa miaka kumi akifundishwa mara moja hakosei tena, na ramani ya bonde moja yenye kutenganisha miti hiyo miwili ni kazi yenye maana kwa nchi.

Kuna na mireteni ya Jabal Akhdar, inayodhoofika upande wa chini wa mlima. Kuna mubani wa Dhofar, na Anogeissus dhofarica usioota popote ila Dhofar na upande wa Yemen uliopakana nayo. Mimea ya Oman imeandikwa na Shahina Ghazanfar, wa Kew vilevile, juzuu ya kwanza ikitoka 2003. Ukitaka kuiona hai, Bustani ya Mimea ya Oman imekusudiwa kwa mimea ya nchi hiyo tu.

Daftari la nyumbani

Chagueni kipande kimoja: bonde, ufukwe, shamba la marehemu babu kule Mkokotoni au Wete mkienda likizo. Kipande kidogo kinachorudiwa kila mwaka kina faida kuliko kikubwa kinachopitwa mara moja. Chorea mpaka wake kwenye picha ya setilaiti. Tembea mwezi uleule kila mwaka. Simu itakupa mahali kwa namba. Iandike namba hiyo, usiseme «karibu na msikiti», misikiti huhamishwa. Piga picha ya jani, ya ua, ya tunda na ya gome, kila moja peke yake. Using'oe kitu katika hifadhi. Ukikata kijiti kwenye shamba lenu, kikaushe kati ya magazeti na ubadilishe karatasi kila siku mpaka kikauke.

Programu za simu zinazotambua mimea zinasaidia, lakini zimefundishwa zaidi mimea ya Ulaya na Marekani. Wembley zinanipa jibu sahihi mara nyingi. Jamaa yangu aliijaribu moja Makunduchi ikamwambia majina ya miti isiyopata kuota Afrika. Kwa hiyo andika kile unachokiona, na jina la programu liweke pembeni na alama ya kuuliza.

Liko jambo moja ambalo Kew na setilaiti hawanalo, nanyi mnalo ndani ya nyumba zenu. Mama na bibi waliokulia mashamba ya Unguja na Pemba, ambao sasa wana miaka themanini na kitu na wamekaa mbele ya televisheni Sohar au Sharja, wanajua majina ya vichaka ambavyo hakuna kitabu kilichoviandika vyote. Wanajua kipi kilioteshwa, kipi kiliota chenyewe, kipi kilikuwa kingi kabla ya 1964 na hakionekani tena. Mwonyeshe bibi picha kwenye simu, jani na tunda. Usimtajie jina wewe kwanza, maana kwa adabu atakubaliana nawe. Mwache aseme.

Kisha jaza safu hizi: tarehe; namba ya mahali; jina alilosema bibi, herufi kwa herufi kama alivyolitamka; alikozaliwa yeye, kijiji si kisiwa, kwa sababu mti mmoja huwa na jina jingine Makunduchi, jingine Micheweni na jingine Mrima; wingi, kwa yale maneno matano; mwenyeji au mgeni, kama anajua; na jina la kitaalamu, ambalo unaweza kuliacha tupu mpaka mjuzi apatikane. Nakala moja ibaki nyumbani kwa karatasi, nyingine itumwe kwa mtu wa familia anayeishi nchi tofauti.